Mwaka wa Kuuvunja Mtambo wa Leonidas

Mwezi uliopita tulimzika mama yake Leonidas huko Kitanga, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile ya Kasulu isiyonyesha wala kuacha, na udongo mwekundu uling'ang'ania viatu kiasi kwamba wabeba jeneza walisimama mara kwa mara kupumzika. Baada ya sala, Goreth, binti wa mwisho wa marehemu, alinishika mkono akaniingiza ndani nikapate maji ya kunywa. Sebule ilikuwa imejaa wazee wa kanisa, kwa hiyo akanipitisha kwenye chumba cha pembeni, kile chenye dirisha moja linalotazama bonde. Sasa ni stoo. Magunia ya mahindi yamepangwa hadi darini, na pale palipokuwa na meza kuna madebe matupu ya mawese. "Unakikumbuka hiki chumba, dada?" Goreth akauliza. Nikasema nakikumbuka. Kwenye basi la kurudi Kibondo nilikaa nikiwaza kwamba sasa tumebaki yeye na mimi tu tunaojua kilichofanyika mle ndani, na yeye wakati ule alikuwa bado msichana wa shule. Vijana ninaowafundisha siku hizi, ambao wameshaanza kuniita mama, huniuliza kazi hii nilijifunzia wapi. Huwa nawatajia chuo. Jibu la kweli ni mwaka mmoja, vyumba viwili, na mtu mmoja ambaye kazi yake niliifuta mstari kwa mstari, kwa ombi lake mwenyewe.

Chumba cha kwanza kilikuwa Kibondo mjini, nyuma ya ghala la maharage. Nilikuwa nimerudi nyumbani na cheti cha kompyuta, sina ajira, nina umri ambao shangazi zangu walikuwa wameanza kuutaja kwa kunong'ona. Leonidas alipanga chumba kile kwa sababu mtandao ulishika vizuri, na mwenye ghala alikuwa na sola ambayo haikuzimika umeme ulipokatika. Kulikuwa na harufu ya magunia na ya dawa ya wadudu, na siku za soko ukuta ulitetemeka malori yaliposhusha mizigo. Nilimjua kwa kumsikia tu: yule kijana wa Kitanga, wa familia zilizotoka Burundi, anayefanya kazi na Wazungu asiowahi kuwaona. Alinitumia ujumbe niende. Nilipofika hakuniuliza nimesoma nini. Alinigeuzia laptopu yake nikaona faili moja la msimbo, refu kama barabara ya Nyakanazi, akasema, "Dada Renata, soma hili mpaka saa saba. Halafu uniambie umemkasirikia aliyeliandika kiasi gani." Nikasoma. Saa saba nikamwambia sijamkasirikia, ila namwonea huruma, maana inaonekana aliandika akiwa na haraka na hakuwa na wa kumsaidia. Akacheka mpaka akakohoa. "Aliyeandika ni mimi," alisema. "Twende tukale."

Kwa mama ntilie wa karibu na soko tulikula ugali wa muhogo na dagaa wa Kigoma waliokaangwa kwa mawese, na huko ndiko nilikoelezwa kazi yenyewe, huku meza ya jirani watumishi wawili wa serikali wakilalamikia baridi. Mmoja alisema ameomba uhamisho. Mwenzake akajibu, "Na mimi niliomba. Nikasubiri, nikasubiri, nikaoa hukuhuku." Leonidas alingoja kicheko chao kiishe ndipo akaendelea. Mradi wa wale Wazungu ulikuwa programu ya njia za malipo. Watu wawili wanaolipana mara kwa mara huweka fedha zao mahali pamoja zikafungwa, kisha huandikiana wao kwa wao nani sasa ana kiasi gani, bila kwenda kila mara kwenye daftari kuu linalotazamwa na dunia nzima. Huko wanakwenda siku ya kufungua na siku ya kufunga tu. Kinachowalinda katikati ni sahihi: kila makubaliano mapya yanayaua ya zamani. Programu ikiteleza hata kidogo, mjanja anaweza kurudi na makubaliano yaliyokufa akaondoka na haki ya mwenzake. Leonidas alikuwa ameandika mtambo wa kuijaribu kwa fujo. Uliirushia ujumbe uliokatwa vichwa, uliorudiwa, uliokuja kabla ya wakati wake, usiku na mchana, ukingoja programu ianguke. "Mwalimu huuliza swali ambalo jibu lake analo," aliniambia, akichambua mwiba wa dagaa. "Huu mtambo wangu unauliza kama mlevi. Na mlevi, dada, ndiye anayejua ukuta gani ni mbovu."

Tatizo lilikuwa kwamba mtambo wenyewe ulikuwa umeanza kulewa. Kila fujo ilianza na namba moja tuliyoiita mbegu, na mbegu ileile ilipaswa kuotesha fujo ileile. Kwake haikuwa hivyo. Leo programu ilianguka, kesho ukipanda mbegu ileile haianguki, na hakuna aliyejua kama ugonjwa uko kwenye programu au kwenye mtambo. Mama mmoja aliyesimamia mradi, huko nchi za baridi, alikuwa amemwandikia kwa upole kwamba mtambo huu hakuna anayeuelewa isipokuwa yeye, na kama hautapangwa upya utaondolewa kabla ya toleo lijalo. Leonidas alinisomea ujumbe ule kwa sauti isiyo na chuki. "Ana haki," alisema. "Kitu ambacho ni mtu mmoja tu anayekiweza, hicho si mtambo, ni mazingaombwe." Basi tukaanza kuuvunja na kuusuka upya, na kanuni yake ilikuwa moja. Tabia ya mtambo isibadilike hata chembe wakati tunabadilisha umbo lake. Unahamisha kitu kimoja, unapanda mbegu zile chache zilizokuwa bado zinatabirika, unatazama kama umeota mmea uleule, ndipo unahamisha kingine.

Mimi nilikuwa mwepesi wa vidole na mchache wa subira. Wiki ya kwanza nilichukua sehemu kubwa ya katikati nikaiandika upya nzima, safi, majina yanaeleweka, nikamwita aone. Aliitazama kwa muda mrefu. Akapanda mbegu, mimea ikatoka mingine kabisa. "Ni badiliko lipi kati ya haya lililofanya hivi?" akauliza. Sikujua. "Rudisha." Nikamwuliza, yote? "Yote. Umejenga nyumba nzuri, dada, ila hujui chini ya msingi umemfukia nani." Nilifunga laptopu kwa nguvu nikatoka. Nilizunguka soko zima nikiwa na hasira, nikapita kwenye mafungu ya nyanya, kwenye madumu ya asali, mpaka kwenye mitumba, nikarudi mchana umepinda. Nilimkuta ameegemea gunia, amefumba macho, mkono mmoja juu ya kifua, nikadhani amesinzia. Nikakaa nikarudisha kila kitu nilichoandika. Leo, ninapomwona kijana ananiletea kazi nzuri asiyoweza kuieleza, hunijia picha ile ya mkono kifuani, na huwa nachelewa kumjibu.

Maana zilikuwepo ishara, na mimi nilizisoma vibaya. Kile kimlima cha kutoka sokoni alikipanda kwa kusimama mara kwa mara, akijifanya anasoma simu. Viatu vyake alivikanyaga visigino, nikadhani ni uvivu, kumbe miguu ilivimba. Siku nyingine alikataa dagaa kwa sababu ya chumvi, nikamtania kwamba ameanza kuwa mstaarabu. Kisha, mvua za vuli zilipokolea, akaniambia kwamba chumba cha Kibondo kimekuwa na unyevu, kwamba mama yake anamhitaji, kwamba Kitanga siku hizi mtandao upo. Kama kazi inanifaa, niwe nakwenda huko nikae siku chache chache. Nilikubali haraka kuliko ilivyompasa binti wa umri wangu, na shangazi zangu waliponong'ona sasa walikuwa na la kunong'ona.

Chumba cha pili kilikuwa kile nilichokiona mwezi uliopita kikiwa na mahindi. Wakati ule kilikuwa na kitanda, meza ya mbao ya mninga, betri ya sola sakafuni, na dirisha ambalo asubuhi lilijaa ukungu mweupe mpaka bonde likapotea. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye Kiswahili cha kuchagua maneno kama mtu anayechambua maharage. Alinipokea kwa mikono yote miwili. "Mwana wanje, mwanangu, karibu," akasema. "Huyu kaka yako hali vizuri. Wewe ukila, na yeye atakula." Basi nikala. Nilikula isombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa karanga, viazi vitamu, ndizi za maharage, na Leonidas alikula vijiko vichache kwa ajili ya kuniheshimu. Mchana tulifanya kazi tukiwa tumekaa upande mmoja wa meza, yeye akitazama, mimi nikiandika, maana vidole vyake vilikuwa vimeanza kuchoka. Majirani walipopita njiani tulisikia salamu zao za Kirundi na majibu ya mama, na kuku, na redio ya Goreth.

Siku moja nilikwenda jiko la nje kuomba maji ya moto, na kabla sijafika mlangoni nikamsikia mama akizungumza na Leonidas. Walizungumza Kirundi, lakini Kirundi chao na Kiha changu ni mtu na nduguye, na hakuna neno lililonipita. "Uzomubwira ryari?" mama aliuliza. Utamwambia lini? Leonidas akajibu kwamba atamwambia kazi ikiisha. Mama akasema daktari hakusema kazi ikiisha, daktari alisema moyo umechoka, vali imeoza, Dar es Salaam wakikuita uende siku hiyohiyo. "Na wasipoita mapema?" akauliza. "Binti wa watu anakaa humu, anacheka na wewe, hajui anacheka na nani." Nikasikia kuni zikisukumwa. Nilirudi chumbani na birika tupu.

Alipoingia alinitazama usoni, akajua. Akakaa kitandani. "Umesikia," akasema. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu ilitoka ya juu mpaka nikaona aibu. Alisubiri pumzi zake zikae sawa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ilikuwa kazi. "Kwa sababu ungeanza kunionea huruma," alisema. "Na mtu akikuonea huruma anaacha mistari yako ambayo haistahili kuachwa. Ungefika mahali nimeandika upuuzi, ungesema, hapa niache, ni cha marehemu mtarajiwa." Nikamwambia asiseme hivyo. "Nasema hivyo kwa sababu nakujua, Renata. Nataka usibakize kitu ambacho utakibeba peke yako bila kukielewa. Ukiweza kufanya hivyo, kaa. Ukishindwa, kesho kuna gari la Kasulu." Nilikaa. Sikuweza kufanya alichotaka kwa moyo mweupe, ila nilikaa, na tangu siku ile nilifuta mistari yake nikiwa najua ninachokifanya.

Ugonjwa wa mtambo tuliupata kipindi mvua zilipopungua. Mahali pengi, alikokuwa amepita kwa haraka miaka ya nyuma, mtambo ulikuwa unachungulia saa ya kompyuta. Ndiyo maana mbegu moja ilizaa watoto wasiofanana: asubuhi si mchana, kompyuta ya haraka si ya polepole. Tuliziondoa saa hizo moja moja, na badala yake tukaupa mtambo saa ya bandia tuliyoishika wenyewe, inayosogea pale tu tunapoisogeza. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ya kutafuta na kutafuta tena, na kila tulipodhani tumemaliza ilijitokeza nyingine. Halafu alasiri moja tukapanda mbegu iliyokuwa imemsumbua tangu kabla hatujajuana, na programu ikaanguka. Upande mmoja ulikatika katikati ya kufunga njia, ukarudi, na programu ikakubali hesabu ya zamani. Leonidas akainuka kwenye mto. "Tena," akasema. Nikapanda tena, ikaanguka palepale. "Tena." Palepale. Mama aliacha kupepeta akaja mlangoni kuuliza kuna nini, na mwanawe, uso umemwiva kwa furaha, akamwambia kwa Kirundi kwamba kitu kimeharibika vizuri. Mama hakuelewa, lakini alimwona anacheka, akakaa pale mlangoni na ungo wake, akaomba tukiharibu tena.

Lilibaki faili moja. Lilikuwa lile la mpinzani, sehemu ya mtambo inayojifanya mtu mwongo anayetaka kumdhulumu mwenzake, na ndilo Leonidas alilipenda kuliko yote. Wakati huo Dar walikuwa wameshaita, na safari ilikuwa inapangwa. "Hilo tuliache," alisema. "Nikirudi tutalifanya wote. Nataka nikuone ukimfundisha uongo." Nilikwenda Kibondo kufua na kubadili nguo, nirudi kumsindikiza. Nilikuwa naanika shuka asubuhi ya Jumamosi Goreth aliponipigia. Hakusalimia. Alisema, "Dada, kaka," na nyuma yake nikamsikia mama, si akilia, akiita jina moja tu kama mtu anayeita aliye ng'ambo ya mto. Leonidas alikuwa amezidiwa alfajiri, wakampeleka hospitali, na wauguzi walihangaika naye mpaka mwisho. Nilifika Kitanga na matope hadi magotini. Watu walinipisha nipite mbele, na sikujua walinipisha kama nani.

Wiki zilizofuata nilikaa chumba cha nyuma ya ghala bila kuifungua laptopu. Nilipoifungua nilikuta ujumbe wa yule mama msimamizi. Alikuwa amelia, alisema hivyo waziwazi. Akasema wenzake wote wamekubaliana kwamba lile faili la mwisho lisiguswe. Liachwe kama Leonidas alivyoliandika, lisijaribiwe tena na lisiitwe na sehemu yoyote, ila likae pale na jina lake juu, kwa heshima. Nilisoma ujumbe ule mara nyingi, malori yakishusha magunia upande wa pili wa ukuta. Nilitaka kukubali. Nilitaka kiwepo mahali fulani duniani kitu alichokigusa yeye ambacho hakuna mkono mwingine utakigusa. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeshaandika jibu la shukrani. Lakini kila nilipotaka kulituma nililifungua lile faili nikalisoma, na nikaona bado linachungulia saa ya kompyuta mahali pawili. Lina majina aliyoyatoa kwa haraka akayaonea haya. Lina mahali alipokusudia kurudi. Lingekaa pale likiwa limekufa, na watu wangelipita kwa adabu bila kulisoma, kama wapitavyo makaburi ya wageni. Nilimjibu kwamba nashukuru, na kwamba nitalimaliza. Kisha nikafanya alivyonifundisha, kitu kimoja, mbegu, kitu kingine, mbegu. Mstari wake wa mwisho ulikuwa wa kawaida tu, wa kufunga mabano. Niliufuta asubuhi moja ya jua kali, nikatoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ghala, mikono haina kazi.

Kazi ilipokelewa. Mtambo ukabaki kwenye mradi, na wengine wakaanza kuuongezea vyao bila kumwuliza mtu. Nilipokwenda Kitanga kumaliza tanga, mama aliniita barazani kabla wageni hawajajaa. Alikuwa amenyoa nywele. "Ile kazi yenu iliisha?" aliniuliza. Nikasema iliisha. "Nionyeshe." Nikafungua laptopu magotini, nikauwasha mtambo, mistari ikaanza kupita kwenye kioo, na yeye akainama akaitazama kwa umakini wa mtu asiyejua kusoma. Baada ya muda akauliza, "Jina lake liko wapi hapo?"

Ningeweza kumwonyesha neno lolote. "Halipo, mama," nikasema. "Kila mstari huandikwa jina la aliyeugusa mwisho. Niliigusa yote. Ndivyo alivyotaka."

"Na zamani ilikuwa na jina lake?"

"Yote."

"Yoo," alisema taratibu. Kuku walipita, mtu akaomba sufuria jikoni, hakuna aliyemjibu. Nilingoja anikasirikie. Nilikuwa tayari, nadhani hata nilitamani. Badala yake akaniuliza jina langu lote, la ubatizo, la baba na la babu. Nikamwambia: Renata Filemoni Ruhuza. Alilirudia kwa midomo, polepole, akakosea la mwisho, akalirudia tena mpaka likakaa. "Jumapili nikimwombea," alisema, "nitalitaja lake, halafu lako. Mungu asije akaitafuta kazi yake akaikosa." Akaniwekea mkono begani kwa uzito wa mtu anayetaka kusimama, akasimama, akaenda kuwapokea wageni. Mistari iliendelea kupita. Mimi nilibaki pale barazani, nikamlilia Leonidas kwa mara ya kwanza tangu afe.